Mama Mkwe Alivyotoweka Irente

Jamani, leo nimeaibika, na nimeaibikia ukweni. Nawaambia mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mnajua nimepeleka posa kwa kina Neema, hapa Lushoto, na jibu bado. Leo dada yake alikuwa na send-off. Picha zilikuwa zipigwe Irente, pale kwenye genge, ukingoni mwa mlima, lakini ukungu umefunga tangu asubuhi, huoni hata mti wa jirani. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu kwa wakwe. Nikamwambia Neema, "Tulia. Irente nitaileta ukumbini." (Kiherehere changu mnakijua.)

Kazi yenyewe haina siri. Unatundika kitambaa cha kijani, mtu anasimama mbele yake, kamera inamchukua, kompyuta inafuta kijani chote na kuweka picha ya Irente, papo hapo, kwenye skrini kubwa. Ila kompyuta yangu ni ile ndogo ya kutia mfukoni, na kwenye majaribio ilikuwa inajikokota. Unapunga mkono, unakaa, ndipo kwenye skrini unaanza kupunga.

Nikairahisishia. Mwanzo ilikuwa inapima kila nukta ya picha, rangi yake iko karibu kiasi gani na ya kitambaa. Hesabu nzito. Nikaitoa, nikaipa amri moja: nukta yenye kijani kuzidi nyekundu na bluu, futa, usiulize. Picha ikaanza kwenda sambamba na mtu. Nilijipongeza peke yangu.

Bibi harusi akasimama na gauni jeupe, akatokea Irente bila doa. Vigelegele. Baba mkwe mtarajiwa akanitikisia kichwa. Nikajua posa imejibika.

MC akaita, "Mama zetu, karibuni Irente!"

Wakaingia wanacheza, mama yake Neema mbele, shangazi nyuma. Wamevaa sare. Kijani kizito, toka kilemba mpaka sketi. (Ilitangazwa wiki nzima kwenye group la kamati. Mimi nimelizima sauti, wanaongea mno.)

Kwenye skrini zikatokea nyuso na viganja, vinacheza juu ya genge.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mkwe akageuka ajitazame. Kumbe kwa nyuma ni kilemba kitupu, basi uso nao ukapotea.

"Neema," akauliza, kwa upole wa kutisha, "mimi niko wapi?"

Neema akaniangalia. Nikaangalia nyaya.

Nikarudisha ile hesabu nzito. Sare ikaonekana, maana kijani chake si kile cha kitambaa. MC akawaomba wacheze tena, wakacheza. Ila na kule kujikokota kulikuwa kumerudi. Mama mkwe ameshaketi kando ya mchungaji, mikono mapajani, mpole kabisa. Kwenye skrini ndiyo kwanza anakata kiuno. Mchungaji akainamia soda yake.

Sherehe ilipoisha nikaenda kuomba radhi, nimeinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sijui ni hasira au kicheko, na sikuthubutu kuuliza.

Shangazi ndiye aliyenijibu. "Jibu la posa yako lipo, mwanangu. Limeshatoka. Wewe kaa hapo uangalie, litakufikia taratibu."

Naombeni mtu asicheke mpaka linifikie.