Damu ya Anatolia na Gurudumu la Baiskeli

Jumatatu, 2 Machi 1998
Nimeduwaa! Daktari mgeni amepita zahanati yetu hapa Kituntu, akatueleza kwamba vinasaba vya mtoto aliye tumboni huelea ndani ya damu ya mama. Damu kidogo tu, unajua ni wa kiume au wa kike! Mimi ndiye msaidizi wa maabara. Mke wangu Anatolia ana mimba ya miezi saba. Karagwe nzima nani atanitangulia? Nesi Kokugonza, mkunga wetu, alicheka akasema pembe yake ya mti ya kusikilizia mtoto tumboni inamtosha. Tutaona.

Jumanne, 3 Machi
Nimemtoa Anatolia damu, bomba kubwa. Nikamwambia ni kipimo cha malaria. Nikaiacha dirishani itulie, nikaenda kupalilia migomba. Kurudi, maji ya juu yamekuwa mekundu! Chembe zimepasuka. Kumbe lazima uitenganishe mapema. Bomba la pili.

Jumatano, 4 Machi
Mashine ya kuzungushia damu imeshikwa na kutu. Nikapindua baiskeli, nikafunga kichupa kwenye spoku, nikazungusha pedali kwa mkono. Kichupa kikachomoka, kikampasukia Mwinjilisti Celestin, aliyekuwa akipita, kwenye shati jeupe. Akalala chini akipiga kelele kwamba amepigwa risasi. Bomba la tatu. Anatolia ameuliza ni malaria gani hii isiyoshiba.

Ijumaa, 6 Machi
Bomba la nne. Nimefaulu! Maji ya njano, safi. Nikatia chumvi, kisha gongo. Nyuzi nyeupe zikaibuka! Nene, zenye nguvu. Mvulana! Nimewatangazia majirani wote. Mama mkwe amepiga vigelegele.

Jumamosi, 7 Machi
Anatolia ameanguka kwenye shamba la kahawa. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati. Nesi akamfunua kope: ndani nyeupe! Akauliza nani amemnyonya damu mtu huyu. Nikakiri. Akanionyesha kadi ya kliniki: damu yake ilikuwa pungufu tangu mwezi wa kwanza. Sikuwahi kuisoma. Nimelia mbele ya wagonjwa.

Alipokwisha kumlaza na kumpa dawa, Nesi akanitoa damu mimi, akaizungusha kwa baiskeli yangu, akatia chumvi na gongo. Nyuzi zilezile!

"Hongera, Yustus," alisema. "Na wewe una mimba."

Kisha akaweka pembe tumboni kwa Anatolia. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Watoto wawili! Nilikaa sakafuni.

Jumatano, 11 Machi
Anatolia amerudiwa na rangi. Anakula maini na mboga ya dodo. Hasemi nami, anamsimulia mama yake habari zangu kwa Kinyambo cha haraka. Nimeapa mbele yao kwamba sitagusa tena sindano nyumbani. Nilimaanisha kabisa.

Ila zahanati si nyumbani. Na nimewaza: wazo halikuwa na kosa, gongo ndiyo ilikuwa na maji. Wanasema ya kule kijiji cha Nyabiyonza inawaka moto. Halafu leo nimesikia jambo la kushtua: Nesi Kokugonza mwenyewe ni mjamzito, miezi minne!

Sindano nimeshaichemsha.