Jina la Bibi Nyangi Lina Mwenyewe

Jumatatu, 2 Juni

Daftari jipya. Shajara ya mtaalamu ianze na jina la mtaalamu, nami nimeliandika kwa kalamu nyekundu lipendeze: “                              ”.

Mshauri wa Miliki Bunifu, Nyasho, Musoma. Cheti kipo ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Semina ilikuwa ya siku moja, lakini nilikaa mbele.

Pale semina wenzangu walisinzia wakati linasemwa neno kubwa kuliko yote: kwenye majina ya biashara, anayewahi kuomba ndiye mwenye nguvu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Basi mwezi wa pili akaja Eufrasia wa Buswahili. Anasaga unga wa ulezi, anauita Unga wa Bibi Nyangi. Nyangi ni bibi yake, marehemu, ndiye aliyeuanzisha. Duka moja kubwa la Bunda limekubali kuupokea kila wiki, mradi jina lisajiliwe kuwa alama ya biashara. Akaniachia karatasi zote na imani yake yote. Nikaomba usajili. Kwa jina langu!

Alama imeshatangazwa kwenye jarida la msajili. Siku sitini za watu kuweka pingamizi zinaisha Jumatano ijayo, tarehe 11. Nani Buswahili anasomaga jarida la msajili? Baada ya hapo Eufrasia ataniomba ruhusa ya kutumia jina la bibi yake. Mimi si mtu mbaya, nitampa. Kwa masharti.

Leo kaja kuuliza, mimba imefika mwezi wake. Nikamwambia mtandao unasumbua. Akasema sawa kaka, ila bibi kamjia ndotoni mara tatu, anauliza nani amemchukulia jina lake. Nikamshauri apunguze kula usiku.

Jumanne, 3 Juni

Balaa. Gasper, yule wa fotokopi ng'ambo ya barabara, anayenichukia kwa sababu ya cheti, kanisalimia: za asubuhi, Nyangi.

Kasoma jarida! Nikamkimbilia na soda baridi, nikamwambia tuongee kiume, anataka nini ili anyamaze. Akashangaa. Akasema kanisalimia tu. Nikamuuliza kaniitaje. Akasema kaniita jina langu. Nikamwambia alitaje tena. Akalitaja: Nyangi. Uso mkavu, hana hata dalili ya utani. Soda akainywa.

Anajifanya. Gasper nilikuwaga naye shule ya msingi, namjua.

Jumatano, 4 Juni

Debora, mke wangu, kaniamsha: Nyangi, chai inapoa. Nikamuuliza nani kamwambia. Akauliza kaambiwa nini. Nikaacha, chai yenyewe ilikuwa inapoa kweli.

Nikaenda kwa Safina, wakala, kutoa hela. Akauliza kama kawaida, jina linakuja nani. Nikataja langu. Akatazama simu, akanitazama mimi, akasema hapana, linakuja Nyangi. Laini ile niliisajili mwenyewe, kwa vidole vyangu! Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikasema haya, ni Nyangi. Akanipa hela.

Njiani nimewaza sana. Kumbe usajili una nguvu hivi? Semina hawakusema.

Ijumaa, 6 Juni

Mkakati mpya. Kama siri imevuja, dawa ni barua ya ridhaa ya familia. Nikaichapa, nikabeba wino wa dole gumba, nikapanda pikipiki hadi Buswahili kwa Petronila, binti wa marehemu, mama mkubwa wa Eufrasia.

Alikuwa uani anapepeta ulezi. Sijafika hata karibu, akaweka ungo chini, akasema: mama, umechelewa.

Mimi nina ndevu.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaletewa kigoda kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, kina vumbi la miaka. Nikaletewa uji kwenye kibuyu. Kisha akaniuliza kwa kilugha chao jiwe la kusagia nililiweka wapi, maana wamelitafuta tangu msiba. Mimi ni Mjita. Kilugha cha Buswahili sikijui hata salamu. Nikamjibu! Nilisikia mdomo wangu unajibu taratibu, sauti ya mtu aliyechoka, kwamba lipo kando ya zizi la zamani, hatua nne upande wa mlima, nimelifukia wasije wakaliuza.

Wakachimba. Lilikuwepo.

Petronila akalipangusa kwa kanga yake huku analia. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, sasa akinitazama mimi mwenyewe, kwamba jina si kitu cha kuokota. Ukilivaa la mwenzio, la kwako linabaki bila mwenyewe, na wapo wanaoliona. Nikamjibu kwamba hoja hiyo haimo kwenye sheria. Dole gumba sikupata. Nimerudi Nyasho mikono inanuka ulezi, na ulezi sikuushika.

Jumapili, 8 Juni

Eufrasia kajifungua jana, mtoto wa kike. Nikaona hapo hapo: mzazi hana nguvu ya kusoma mkataba. Nikaandaa kurasa sita, zinasema anakubali jina ni mali yangu. Nikaenda nazo Buswahili na sabuni ya mtoto. Adabu ni adabu.

Mtoto analia. Tangu azaliwe analia, na titi hataki. Akina mama wamejaa chumbani wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo kama wanavyofanyaga huku, litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi nimesimama mlangoni na mkataba wangu. Wakataja Rhobi. Analia. Wakataja Gaudensia. Analia. Wakataja Nyangi. Mtoto akanyamaza, akafungua macho.

Nikaitika: abee!

Sikukusudia, haki ya Mungu! Mwanaume mzima, abee, tena sauti nyembamba ya kizee. Mtoto akaanza upya kwa nguvu kuliko mwanzo. Chumba kizima kikanigeukia. Eufrasia hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu, kwa upole, kaka, ile fomu yangu uliijazaje?

Nikasema mtandao.

Jumatatu, 9 Juni

Mtoto bado hanyonyi. Zahanati wamempima, ugonjwa hawauoni. Wanamkamulia maziwa kwenye kijiko, anayatema. Gasper ndiye kanisimulia, namba ya Eufrasia kaipata wapi sijui.

Zimebaki siku mbili. Mbili! Mtaalamu haachi haki kwa sababu ya kilio cha mtoto. Tatizo ni kwamba nikikaa dukani kimya namsikia analia, na kutoka Nyasho hadi Buswahili ni mwendo mrefu. Mchana niliwasha redio, nikaongeza sauti. Taarifa ya habari ilisomwa mwanzo hadi mwisho na mtoto analia ndani yake. Wateja hawakusikia kitu. Mmoja aliniuliza, mama, fotokopi bei gani.

Naogopa. Hakuna anayesoma hapa, kwa hiyo naandika tena: naogopa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeondoa maombi. Debora alisimama nyuma yangu na mwiko, lakini uamuzi ulikuwa wangu. Nilibonyeza saa nne na dakika kumi asubuhi.

Saa nne na dakika kumi na moja simu ya Gasper ikaita ng'ambo ya barabara. Mtoto kanyonya! Wamemwita Nyangi, kanyamaza, kanyonya mpaka kalala. Gasper akalia barabarani mbele za watu, mjinga yule. Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Kisha akatumia nafasi hiyo hiyo kumjazia Eufrasia fomu mpya, kwa jina la Eufrasia! Bila semina! Duka la Bunda limesema litasubiri.

Basi, unga umeenda. Lakini kulala nitalala.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna tena anayeniita Nyangi. Wala hakuna anayeniita kitu. Debora kasema wewe, chai. Gasper kanipungia mkono tu. Safina kauliza jina linakuja nani, kisha akatazama simu akasema haliji kitu.

Ndipo nikaelewa! Jina langu lilikuwa wazi, halina ulinzi wowote, na mtaalamu ni mimi mwenyewe. Aibu. Nikafungua mfumo kulisajili, nikalinakili kutoka kwenye kitambulisho herufi kwa herufi, maana kichwani halikuwemo. Mfumo ukajibu kwamba yupo aliyetangulia. Mwombaji: Nyangi. Anwani: Buswahili, kando ya zizi la zamani. Siku: ile ile ya mwezi wa pili niliyoomba la kwake. Dakika moja kabla yangu.

Kaniwahi.

Nikageuza kitambulisho. Picha yangu ipo. Pa jina, peupe. Nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari hili, pale pa kalamu nyekundu. Peupe.

Nililifunga daftari haraka, sikatai. Baadaye akili ikarudi. Mama huyu ana kipaji! Semina hakwenda, simu hana, duniani hayupo, na bado kaniwahi kwa dakika moja. Mtu wa namna hii humwekei pingamizi, unaungana naye. Marehemu wa mkoa huu ni wengi, na majina yao yote yanazagaa bila kusajiliwa. Yeye ataniambia yapi ni mazuri, mimi nitajaza fomu. Sitini kwangu, arobaini kwake.

Kesho asubuhi naenda Buswahili na mkataba wa ubia. Uko tayari, nimeuchapa nakala mbili. Nimeacha wazi sehemu moja tu, pa kuandika jina langu. Nitamuuliza yeye.