Ufa wa Serikali Barazani kwa Hajara

Jumatatu asubuhi askari wa boma alikuja na nyundo, akapigilia tangazo kwenye nguzo ya baraza ya Bibi Hajara, kisha akaenda zake bila hata kuonja kahawa. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mtaa wa maduka, Tororo, na baraza ile ilikuwa na wenyewe. Alikuwepo Nasifu, dereva wa lori, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alikuwepo Obbo wa Nagongera, mpima pamba, aliyeitwa Mzani kwa kuwa kila neno alilipima mara mbili na bado likapungua. Na alikuwepo Odwori, fundi mwashi wa Masinya, jina lake la barazani Timazi, maana hata akiketi alisimama wima kama uzi wa kupimia ukuta. Hajara, mjane wa Muniru, ndiye aliyewapikia kahawa, na nyumba ilikuwa yake.

Redio alisoma tangazo kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nyumba hii, lilisema, ni kumbukumbu ya kale. Ni marufuku kubomoa, kuongeza, kupaka rangi, kuziba wala kugusa sehemu yake yoyote. Sababu ilikuwa lile dirisha la duara juu ya mlango, lenye athari za Roma, lililochorwa na mtaalamu wa Kizungu asiyejulikana, aliyepita hapa akielekea ziwani.

Obbo aliuliza kama ni Roma ya mapadri. Redio akamwambia Roma ni moja tu, ila haijawahi kununua kahawa hapa.

Odwori aliweka kikombe chini. Dirisha lile alilijenga yeye, mwaka reli ilipofika mjini, akiwa bado kijana. Marehemu Muniru alitaka dirisha ambalo jirani yake hana. Mbao za fremu zilipochelewa, Odwori aliokota chuma cha gurudumu la mkokoteni uliovunjika, akapanga matofali juu yake mpaka yakashikana yenyewe.

"Huyo Mzungu alipita saa ngapi?" aliuliza. "Mimi nilishinda juu ya ngazi."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Tangu mvua za mwaka uliopita palikuwa na ufa uliopanda kando ya mlango, ukapita dirishani hadi kwenye paa, vidole viwili vinaingia, na nyuma ya ukuta huo Hajara alilala na wajukuu zake wawili. Saruji ilikwisha kununuliwa. Odwori alikuwa amekuja asubuhi ile kuanza kazi.

Hajara aliuliza kama nyumba sasa imekuwa ya serikali. Obbo alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hapana, Bibi. Nyumba ni yako. Ufa ndiyo ya serikali."

Walibishana wiki nzima. Redio alitaka waandike barua kwa Gavana. Obbo aliona barua ikifika Entebe, ukuta utakuwa umekwisha kufika chini. Mwishowe Hajara alijifunga kanga yake mpya, akamchukua Odwori, wakaenda bomani.

Bwana wa majengo aliwasikiliza kwa adabu, mkalimani akiwa kando. Alisema ufa nao ni sehemu ya historia, usiguswe mpaka mtaalamu afike kwa meli kutoka ng'ambo, labda baada ya mvua. Odwori akamweleza kwamba mjenzi ni yeye. Bwana akaomba aone ramani. Odwori akasema ramani aliichora chini kwa kijiti, kisha akajenga juu yake. Bwana alitabasamu kama anayetabasamia mtoto, akamwagiza mkalimani amweleze mzee kwamba kazi kama ile inataka hesabu.

Masikio ya Odwori yalipata moto. Walipovuka reli akamuuliza Hajara wajukuu watalala wapi usiku huo.

"Palepale. Nina chumba kingine?"

"Basi kesho nitauziba."

"Watakufunga, fundi."

"Wanifunge. Ukuta huu ukiwaangukia watoto, nitakuwa nimewaua mimi, si yule Mzungu."

Kesho yake, jua likiwa juu na mtaa mzima ukitazama, aliweka ngazi. Redio alikoroga saruji na maneno kwa pamoja, Obbo akapokeza matofali, moja moja, akiyapima mkononi. Odwori aliegemeza ukuta kwa magogo ya mvule, akatoa matofali yaliyopasuka, akaushona ufa kwa tofali na chuma, halafu akaufunika kwa chokaa aliyoichanganya na udongo mwekundu ili rangi ifanane na ya zamani. Siku ya tatu, kazi ikiisha, askari alikuja. Alikuwa mtu mwungwana. Alimngoja anawe mikono.

Mahakamani aliulizwa kama kweli aliigusa nyumba ile.

"Nimeigusa mara mbili," alisema. "Mwaka wa ishirini na nane, na juzi."

Alipewa wiki tatu na kazi ngumu. Na kwa kuwa gereza halikuwa na mwashi mwingine, alipelekwa nyumbani kwa yule Bwana wa majengo, ambako tao la jiko lilikuwa linabomoka. Bwana hakuwa na desturi ya kutazama nyuso za wafungwa. Alilitazama tao, akaridhika, akamuuliza askari kama mfungwa huyu hawezi kuongezewa siku.

Odwori alipotoka, alikwenda moja kwa moja barazani. Hajara alimpa kahawa ya kwanza kutoka kwenye birika. Redio hakumngoja ameze. Mtaalamu wa ng'ambo, alisema, alikuja Jumamosi. Alipanda ngazi, akagonga ukuta kwa kidole, akaandika, akashuka, akawaita mafundi wote wa mtaani waje wajifunze. Aliwaambia boma lilidanganywa. Hapa hapana ufa, wala haujawahi kuwapo. Hii ni kazi ya mabingwa wa zamani, imekaa karibu miaka thelathini bila mkono wa mtu kuigusa.

"Kwa hiyo wewe," Obbo alimwambia taratibu, "walikufunga kwa kuziba kitu hakuna."

Odwori aliinua macho, akalitazama dirisha, kisha ukuta. Akanyoosha mkono, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Chokaa bado mbichi," alisema. "Bibi Hajara, waambie watoto wasiuegemee mpaka Ijumaa."