Meko Makubwa Kuliko Sebule

Jumatatu, 3 Juni

Baridi imeingia rasmi. Leo nimekata suruali ya mteja nikiwa nimevaa makoti mawili, moja langu, moja la mteja. Mchana mama mkwe akapiga simu. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kwetu kwa siku mbili, kisha ataamua: msimu huu wa baridi akae hapa, au arudi kwa binti yake mwingine kama miaka mitatu iliyopita. Magoti yake hayataki mchezo. Mke wangu aliweka simu chini, akaingia jikoni, akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikamfuata. Akasema hataki makubwa, anataka mwaka huu mmoja tu akae na mama yake. Machozi yalikuwa yanamlenga. Mimi machozi ya mke wangu siyawezi kabisa.

Kikwazo ni kimoja: mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Ana meko ya kuni sebuleni kwake. Kila akija hapa hujipangusa begani majivu ambayo hayapo, ili tuulize.

Sasa basi! Nimeamua. Tutaweka meko ya gesi. Si ya kupikia. Ni ya kuotea moto, yanakaa ndani ya ukuta, kioo mbele. Mke wangu akauliza mambo ya gesi nimeyajulia wapi. Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema fundi cherehani. Nikamwambia fundi ni fundi.

Jumanne, 4 Juni

Dukani. Meko kumi na moja, yote yanawaka! Nilitoka kwenye haya nikaenda kwenye yale, nikarudi, nikaenda tena. Kuna yenye mawe meupe. Kuna yenye magogo ya bandia, na huwezi kujua ni bandia mpaka uyaguse. Niliyagusa. Kidole kimevimba.

Muuzaji ni bwana mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Akaniuliza mambo mawili: ukubwa wa sebule, na ukubwa wa uwazi ulioko ukutani. Akasema meko huchaguliwa kwa chumba, si kwa macho. Nikamwambia sebule ni ya kutosha. Akasema hakuna shida, atamtuma fundi wao aje apime.

Apime! Nyumbani kwangu! Mimi niliyevaa futikamba shingoni miaka ishirini na miwili! Nikamshukuru, nikamwambia vipimo nitavileta mwenyewe. Nimetoka pale nimekasirika mpaka nikapita nyumba yangu kwa hatua ishirini ndipo nikagundua.

Jumatano, 5 Juni

Sebuleni tuna uwazi ukutani, mwenye nyumba wa kwanza aliweka kabati la vyombo pale. Nikaupima mara tatu. Nikauwekea alama kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Kisha nikaongeza inchi mbili kila upande. Mke wangu akauliza hizo za nini. Akiba ya mshono! Nguo yoyote ya maana huachiwa kitambaa cha ziada kwa ndani, mwenyewe akinenepa inafumuliwa. Akauliza ukuta utanenepa lini. Nikaitia chaki mdomoni, nikaendelea kupima.

Sebule nayo nikaipima. Ikatoka ndogo. Iliniuma. Nikaihesabia na korido, maana hewa haipigi hodi. Bado ndogo. Nikaongeza nusu ya jikoni.

Jioni mwanyumba akapita, eti kutusalimia. Macho yake yalifika ukutani kabla mkono wake haujafika kwenye wangu. Akasema moto wa kuni una harufu ambayo wazee wanaipenda sana. Nikamuuliza na moshi je, wanaupenda? Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nimeshindwa hata kumaliza kula.

Ijumaa, 7 Juni

Muuzaji alivaa miwani, akasoma karatasi yangu, akavua miwani, akavaa tena. Akauliza kama ninaishi ukumbini. Nikasema ni sebule ya kawaida ya mtu anayejiheshimu. Akasema basi kwa vipimo hivi, yanayofaa ni yale makubwa kuliko yote dukani. Yale ya magogo! Nikaukaza uso kama mtu anayelazimishwa.

Akanipa fomu nisaini kwamba nimepima kwa mkono wangu na lawama zote ni zangu. Nikasaini kwa mbwembwe, mistari miwili chini ya jina.

Nikarudi kazini. Nimeshona mkono wa kushoto wa koti la mwalimu mkuu kwenye bega la kulia. Mawazo yote yako kwenye moto.

Jumatatu, 10 Juni

Yamefika! Vibarua wawili walihema kama wamebeba gari. Boksi likakataa kuingia mlangoni. Tukang'oa mlango.

Nyuma yao akaja fundi wa gesi: mwanamama mpole, penseli sikioni, futi ya chuma kiunoni. Akapima uwazi. Akapima meko. Akapima tena. Kisha akasema, fundi mwenzangu, meko yamezidi uwazi kwa inchi nne kamili. Nikamwomba ayapunguze kidogo ubavuni. Akasema meko hayapunguzwi. Basi aufumue ukuta kidogo. Akasema ukuta si suruali. Akaagiza nimtafute mwashi aupanue taratibu, yeye atarudi Jumatano kuangalia, na nisiguse kitu. Alisema mara mbili. Nisiguse kitu.

Saa moja baadaye mwanyumba akapiga simu kuuliza kama ni kweli nyumba yetu haina mlango. Sijui ni nani anayempelekea habari.

Jumanne, 11 Juni

Nimegusa.

Mwashi alisema ana nafasi Ijumaa. Ijumaa! Na mama mkwe anaingia Jumamosi! Mtu ninayefumua mishono kila siku ya Mungu, nishindwe kufumua ukuta? Nikachukua patasi na nyundo. Inchi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili vizuri. Kwenye ya tatu tofali likatikisika. Nikalisukuma ili litulie. Likaenda.

Lilienda upande wa pili. Upande wa pili ni chumba cha wageni. Nikachungulia. Mke wangu alikuwa anatandika shuka jipya la mama yake, foronya mkononi, tofali katikati ya kitanda. Tukatazamana kupitia ukutani. Akalibeba tofali kwa mikono miwili, akaliweka sakafuni. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia.

Nimetundika kalenda juu ya tundu, kwa upande wa chumbani. Ni ya mwaka juzi, lakini picha yake nzuri.

Baadaye nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anapangusa vumbi kwenye shuka kwa kiganja. Akasema Mama akiona hivi ataita teksi aende zake kwa dada, na hakuna atakayemlaumu. Nilijisikia vibaya. Kweli kabisa, vibaya. Nikamwahidi kila kitu kitakuwa sawa, kisha nikatoka haraka kabla hajaniuliza kivipi.

Jumatano, 12 Juni

Fundi wa gesi aliingia, akaona, akakalia sanduku lake la vifaa. Akauliza ni nani. Nikasema ukuta ulikuwa wa zamani. Akauliza tena ni nani. Nikakohoa.

Akampigia mwashi wake mwenyewe, akaja mbio. Wameujenga mgongo wa ukuta upya kwa matofali ya kustahimili moto, wameyakalisha meko mahali pake, wamepitisha bomba la kutolea hewa chafu mpaka nje. Kazi ya siku nzima. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi uani. Mchana kweupe. Nashuku walitaka tu nisiwe ndani.

Ijumaa, 14 Juni

Saruji imekauka. Fundi akarudi kuwasha. Akabonyeza rimoti, moto ukatokea wa bluu, kisha wa manjano, ukapanda kwenye magogo. Nikapiga makofi peke yangu. Mke wangu akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Fundi akazungusha macho sebuleni. Akauliza sebule iliyobaki iko wapi. Nikaonyesha koridoni. Akaelewa yote. Akaushusha moto mpaka pasiposhuka tena, akasema haya ni meko ya ukumbi na hakuna cha kufanya, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Dakika kumi: raha! Dakika ishirini: mshumaa ulioko juu ya rafu umeinama. Nusu saa: tumefungua madirisha yote. Tukizima, barafu. Tukiwasha, jasho. Tarishi alileta barua moja, akasimama dirishani robo saa nzima, mgongo kauelekeza ndani. Kisha mama wa nyumba ya pili akaja na kiti chake. Mtaa mzima ulikuwa unaota moto kwangu, isipokuwa sisi.

Mke wangu akauliza kesho itakuwaje. Nikamwambia nina mpango. Rimoti itakaa mfukoni mwangu. Nitawasha dakika mbili, nitazima dakika tatu, kimyakimya, hakuna atakayejua. Akaenda jikoni.

Jumamosi, 15 Juni

Siku yenyewe! Mama mkwe ameletwa na mwanyumba kwa gari lake. Mwanyumba alisema anaingia dakika moja tu. Akavua koti, akakaa.

Mama nikamkalisha kiti cha mbele. Nikawasha. Akautazama moto, akasema, mwanangu, ni mzuri. Mzuri! Mbele ya mwanyumba! Nikachanganyikiwa kwa furaha, nikaketi kwa kishindo. Rimoti ilikuwa imetoka mfukoni. Nikaikalia. Moto ukapanda mpaka juu kabisa.

Mama akavua shali. Akavua sweta. Akavua soksi. Mimi napapasa chini ya mto wa kiti, sioni kitu, maana ilishateleza kwenye upenyo wa kochi. Mama akasimama, akasema anakwenda kumsaidia binti yake jikoni. Akafunga mlango nyuma yake.

Tukabaki wawili, mimi na mwanyumba. Jasho linamtiririka kwenye nyusi. Linanitiririka mgongoni. Akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa sana, na yeye je? Akasema sana. Dakika arobaini! Mwisho akasema amekumbuka kitu garini. Hakurudi. Nimeshinda, lakini shati sasa halifai.

Jumapili, 16 Juni

Nimezunguka nyumba tangu asubuhi. Sebuleni hakuna mtu. Mama yuko jikoni. Jana yote jikoni, leo yote jikoni, wanachambua mboga ambazo zingechambuliwa kwa robo saa. Nikisogea mlangoni wanapunguza sauti, nikiondoka wanacheka. Roho imenitoka nusu. Nimejiona kabisa nikibeba begi lake kulipeleka garini kwa mwanyumba.

Wakati wa chakula akaniita. Nikasimama kama mtoto wa shule. Akasema anabaki. Msimu mzima!

Akaeleza. Kule kwa binti mwingine moto ni mzuri mno, wote wanakaa mbele yake na kuutazama, jioni nzima hakuna anayemsemesha mwenzake. Hapa moto umewafukuza sebuleni. Amepata siku mbili na binti yake, wamekaa karibu na sufuria inayochemka, shali magotini, na hawajaongea namna hii tangu binti aolewe. Magoti wala hayakumsumbua. Hataki kingine.

Mke wangu akalia tena, safari hii huku anacheka, akanishika mkono. Na mimi nikafuta macho. Nikasingizia vumbi la saruji.

Nikampigia mwanyumba palepale. Nikamwambia Mama amechagua. Nikamwambia sababu ni meko.

Jumatatu, 17 Juni

Nyumba ina furaha. Mke wangu ameamka anaimba. Mwalimu mkuu amekuja kuchukua koti lake na kurudi nalo kwake bila kugundua chochote, au amegundua akaniheshimu.

Lakini mimi sina raha. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu jana. Mama mkwe wa mtu mwenye meko makubwa kuliko yote dukani, anashinda jikoni na shali magotini? Kwenye baridi? Watu watanionaje? Mwanyumba ataichukua habari hiyo aipeleke mpaka kwa tarishi.

Nimeshampigia muuzaji. Ameniambia kuna meko ya pembeni, madogo kwa umbo, yanatosha kabisa kwa jikoni. Nimemuuliza kama yapo makubwa kidogo. Yapo! Akataka kumtuma yule mwanamama aje apime. Nikamwambia amwache apumzike, amefanya kazi sana kwangu.

Mke wangu sijamwambia. Nataka iwe zawadi, yake na ya mama yake. Futikamba iko shingoni. Chaki iko mfukoni. Nimesimama nje ya mlango wa jikoni tangu saa nne. Wao wanaongea tu, wanacheka, wanaongea, hata nafasi ya kubisha hawanipi. Nasubiri wanyamaze kidogo, niingie nipime.