Bima ya Gavana

Mbwa wa kwanza kukatiwa bima katika Milima yote ya Uluguru aliitwa Gavana, na mwenye mbwa huyo alikuwa mjomba wangu Kasiani. Anayebisha na alete karatasi!

Jina hilo mjomba alimpa kwa kuwa mbwa alikuwa mweupe, alikula nyama kila siku, na hakuwahi kulima hata tuta moja. Mwaka ulikuwa wa hamsini na nne, serikali imetukalia kooni tuchonge mlima mzima kuwa matuta ya ngazi. Basi wazee wakimsikia mjomba anafoka, "Gavana, toka jikoni, mwizi mkubwa wewe!" walitoka nje kuja kusikiliza vizuri.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka vita vya Wajapani huko Bama na koti moja la jeshi na majivuno ya kikosi kizima. Kabichi zake, kwa maneno yake, zilikuwa kubwa kuliko kichwa cha padri. Na Gavana akibweka mara moja, ngedere walikimbia wasipumzike mpaka Kisaki! Hilo la ngedere lilikuwa na ukweli ndani yake. Bila mbwa yule, kabichi zingeisha shambani, na kabichi zikiisha, binti yake Kristina angerudi nyumbani kutoka shule ya masista kwa kukosa ada.

Kosa la bima lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, kichwa kimejaa ushirika mpaka kofia inanibana. Hatibu, fundi cherehani wa Mwembesongo kule mjini, alikuwa ameanzisha chama cha kukinga wanyama. Kila mwenye mnyama atoe shilingi moja kwa mwezi. Mnyama akiumwa, chama kitamrudishia mwenyewe alichomlipa daktari. Akifa, chama kitatoa shilingi arobaini taslimu.

Hatibu aliniomba nimwandikie kanuni. Niliziandika kwa moto! Kanuni ya nne: harudishiwi mtu hela bila risiti. Kanuni ya saba: kifo kithibitishwe na mtani wa mwenye mnyama, kwa kuwa ndugu huficha na rafiki huhongwa, lakini mtani haoni haya mbele ya mtu yeyote. Nilipoweka nukta ya mwisho nilijiona nimeikomesha rushwa Tanganyika nzima.

Wengine walileta mbuzi na punda. Mjomba alimleta Gavana.

"Mbuzi ana bima, punda ana bima," alisema, "Gavana akose, ana upungufu gani?"

Miezi kumi na mmoja alilipa, na miezi kumi na mmoja alijisifu. Karatasi ya chama aliitundika ukutani, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, ikiwa juu kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja sherehe ya kipaimara. Kijiji kizima kilikula, na Gavana akala kilichobaki: wali, ngozi ya nguruwe, mifupa, na nusu ya kitambaa cha meza. Asubuhi tulimkuta chali, tumbo limevimba kama ngoma, ulimi nje, miguu minne inaelekea mbinguni.

Mke wa mjomba, Yuliana, alimtazama mara moja tu. "Ameshiba vibaya huyo. Mnywesheni mafuta ya mbarika aharishe, chupa iko pale kabatini."

"Mbarika!" Mjomba alikasirika. "Mbwa mwenye bima unataka kumpa dawa za kienyeji? Huyu anakwenda kwa daktari!"

Tukamfunga kwenye machela, mjomba mbele, mimi nyuma, tukashuka mlima. Njia nzima watu waliuliza mgonjwa ni nani. Mjomba alijibu kwa sauti ya redio, "Gavana!" Wanawake wawili waliweka mizigo chini na kupiga vigelegele.

Daktari wa wanyama alikuwa mjini, mtu wa kutibu farasi na mbwa wa wenye mashamba ya mkonge. Lakini kumwona daktari kulipitia dirishani, na dirishani alikaa karani Dominiko, kijana aliyepaka mafuta nywele mpaka nzi wanateleza.

"Shikamoo mzee. Shilingi kumi na tano."

"Marahaba. Ana bima," mjomba alisema, akaisukuma karatasi dirishani kama anayecheza turufu.

Dominiko aliisoma yote. "Vizuri sana. Shilingi kumi na tano."

"Hujui kusoma? Chama kinalipa!"

"Chama kinakulipa wewe, mzee, ukiwapelekea risiti. Mimi nakupa risiti ukinilipa. Imeandikwa hapa, kanuni ya nne. Aliyeiandika anajua kazi yake."

Mjomba aligeuka kunitazama. Mimi nilitazama paa.

Tulibeba machela mpaka Mwembesongo. Hatibu alikuwa kwenye cherehani yake, kanzu nyeupe pe! Alipoona mbwa alirudi nyuma hatua tano na hakuzipunguza.

"Risiti, Mzee Kasiani?"

"Risiti iko kwa daktari."

"Basi ifuate."

"Nikiifuata anataka hela!"

"Basi mpe."

"Hela mnazo nyinyi, miezi kumi na mmoja!"

"Sawasawa," alisema Hatibu kwa upole, "nasi tutakupa, ukileta risiti."

Nikapanda kwenye benchi kuhutubia: ni haki gani hii, mnyonge alipe kwanza, apone baadaye? Nani aliyetunga kanuni ya kikatili namna hii? Nikakumbuka ni nani. Nikashuka.

Gavana alikuwa sasa anavuta pumzi moja kwa dakika. Mjomba alimfukuzia nzi usoni kwa kofia yake. Halafu macho yake yakang'aa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Alinivuta pembeni. "Mpwa wangu, akifa wanatoa arobaini papo hapo, siyo?"

"Ndiyo, lakini hajafa, mjomba."

"Atakufa nikimngoja afe! Namwua kwa karatasi tu, nachukua arobaini, nampa daktari kumi na tano, mbwa anapona, na mimi nabaki na ishirini na tano. Huko Bama tulikuwa tunaita hiyo mbinu ya kuzunguka adui!"

Akamtangazia Hatibu msiba, akatuma mtoto amwite mtani. Mtani wa karibu alikuwa Mihambo, Mnyamwezi, mchukuzi wa mizigo pale stesheni. Alikuja mbio, kwa sababu mtani hakosi msiba. Kufika, akajibwaga chini, akakumbatia machela na kulia kwa sauti iliyofunga maduka mawili.

"Uuuwii! Gavana wetu! Umetuachia nani? Umetuachia Mluguru huyu mwenye magoti kama ya mbuzi kwa kupanda milima!"

Katikati ya kilio, marehemu akajamba. Alijamba kwa kirefu, kama tarumbeta ya jeshi.

Hatibu akainua kichwa. "Hicho nini?"

"Roho," alisema Mihambo bila kupepesa. "Imetokea mlango wa nyuma. Kwa mbwa ndivyo ilivyo." Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye daftari la chama.

Hatibu alianza kutamka maneno ya msiba, akakumbuka ni mbwa, akakohoa. Akafungua kopo la biskuti, akahesabu shilingi arobaini. Mjomba akazikunja mfukoni, akashika mpini wa machela. "Haya, mpwa wangu, twende!"

Machela haikunyanyuka. Mihambo alikuwa ameikalia.

"Mnakwenda wapi na maiti yangu?"

"Maiti yako?"

"Nani anazika kwenu, mtani au paka? Hakuna kutoka mtu hapa. Naomba jembe, nachimba sasa hivi, hapa hapa nyuma ya duka. Au mnaikomboa?"

Mjomba alipiga hesabu. Kusema kwamba mbwa yu hai hawezi, Hatibu anasikia. Kumgombeza mtani hawezi, dunia nzima ingemcheka. Na kaburi lenyewe, Mihambo alikwisha kulipima kwa hatua!

"Shilingi mbili," mjomba alinong'ona.

"Gavana mzima kwa shilingi mbili? Arobaini."

"Tano!"

"Leteni jembe!"

Walikubaliana ishirini na tano. Mjomba alizitoa moja moja, kama anayeng'olewa meno bila ganzi.

Tukakimbia! Dominiko akapokea kumi na tano zake, akafungua mlango. Daktari alimbonyeza Gavana tumboni, akacheka, akachukua chupa, akammiminia kooni. Nilisoma kibandiko. Mafuta ya mbarika. Dawa ilikuwa ya senti thelathini. Shilingi kumi na nne na senti sabini zilikuwa za kumimina.

Yaliyofuata katika bustani ya daktari siyaelezi, ila maua yale hayakurudi tena. Baada ya saa moja Gavana alipanda mlima kwa miguu yake, mkia juu.

Hadithi ingeishia hapo kama mjomba angekuwa mtu mwingine. Lakini Jumamosi, siku ya mkutano wa chama, alivaa koti la jeshi.

"Mjomba, usiende," nilimsihi.

"Nina risiti! Kanuni ya nne uliiandika ya kuchezea?"

Mbele ya wanachama wote alimkabidhi Hatibu risiti. Hatibu akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Mbwa Gavana. Ametibiwa saa tisa alasiri. Ametoka akitembea." Akafungua daftari lake. "Na hapa: mbwa Gavana. Amekufa saa nane mchana, siku hiyo hiyo." Akavua miwani. "Mzee Kasiani, dawa hii kali! Utatufufulia na punda wa Ahmadi aliyekufa mwaka jana?"

Kabla mjomba hajajibu, marehemu mwenyewe aliingia mlangoni, akasalimia kwa kubweka, akaenda moja kwa moja kwenye kanzu ya Hatibu. Hatibu, mwenyekiti mzima wa chama, aliruka juu ya cherehani!

Uamuzi ulitoka palepale: mjomba arudishe arobaini, kwa kabichi, na afutwe chamani. Mjomba akamgeukia Mihambo, aliyeitwa mkutanoni kama shahidi wa kifo. "Basi nirudishie ishirini na tano zangu."

"Ulinilipa nisizike," alisema Mihambo. "Nimezika?"

Mimi kanuni ya nne niliifuta usiku huohuo. Tangu hapo chama kilimlipa daktari moja kwa moja, na punda wengi walipona. Bima ni kitu kizuri, nasema mpaka leo. Lakini kanuni ya saba niliiacha kama ilivyo. Ilikuwa imefanya kazi kupita nilivyotarajia.

Siku ya arobaini, Mihambo alipanda mlima na watani wenzake sita, vichwani wamefunga majani ya mgomba.

"Tumekuja kumaliza matanga ya Gavana," alitangaza. "Kuku wako wapi?"

Mtani hafukuzwi msibani. Kuku watatu walichinjwa. Watani walikaa duara, wakala, wakamsifu marehemu, na marehemu alikaa katikati yao akipokea mifupa.

"Na huyu mpya mnayemfuga sasa," Mihambo aliuliza, akimpapasa Gavana kichwani, "anafanana sana na yule tuliyempoteza. Mmemkatia bima?"

Aliyejibu ni Yuliana, aliyetoka ndani na chupa mkononi, akaitua katikati ya sahani.

"Kuleni mpaka mvimbe, watani. Mbarika hii hapa, na hapa kwangu hailipiwi kwanza."