Lori Linalonukia Maandazi

Theonest alikuwa na suti moja, kofia ngumu nyeupe ya mgodini ambayo haikuwahi kushuka shimo lolote, na mdomo. Kwa mdomo huo alikuwa amekula na kulala kuanzia Kahama mpaka Geita, na hakuona sababu ya kubadili kazi.

Siku kampuni moja ya kubeba mawe ya dhahabu ilipotangaza kwamba zabuni ijayo itawapendelea wenye malori "yanayojali mazingira", wenye malori waliokuwa wakinywa supu kwenye mgahawa mmoja wa Kalangalala, mjini Geita, walitazamana kama wanafunzi walioulizwa swali ambalo halikufundishwa. Lori linajalije mazingira? Linapanda miti? Theonest, meza ya pembeni, na chai ambayo alitumaini mtu mwingine angeilipia, alizitazama zile nyuso zilizoduwaa akaona shamba limekwisha kulimwa, bado kuvuna tu. Akakohoa kistaarabu.

"Mafuta ya mimea," alisema. "Huko kwa wenzetu malori makubwa hayaguswi na dizeli. Yanakunywa mbegu za pamba."

Aliyegeuka haraka kuliko wote ni Mzee Masalu, mtu mnene aliyeanza maisha kwa kubeba mkaa kwenye baiskeli akaishia na malori ya tani thelathini, na ambaye hakuwahi kuona zabuni akaiacha ipite bila kuisalimia.

"Shikamoo mzee," Theonest akawahi.

"Marahaba. Pamba ipi? Hii yetu ya Kishapu?"

"Hiyo hiyo. Nyuzi mnauza, mbegu mnawapa ng'ombe. Mzee, ng'ombe wa Kishapu wanatafuna dizeli yenu!"

Masalu alicheka mpaka supu ikamwagika. Akalipa chai.

Maonyesho ya lori linalokunywa mimea yalifanyika kwenye yadi ya Masalu, mchana kweupe. Theonest aliomba mafuta yaliyochakaa kwa wakaanga chipsi, akayachuja kwa kitenge, akayatia kwenye dumu jeupe na kulining'iniza kando ya kioo cha lori. Kutoka kwenye dumu ulishuka mpira mrefu, ukaingia chini ya boneti kwa heshima zote, na humo ukaishia, haukuungwa na chochote. Injini ilikunywa dizeli yake kama ilivyozoea. Tena bomba la moshi alikuwa amelipaka mafuta yale yale, kwa hiyo lilipopata moto, yadi nzima ilinukia maandazi. Madereva wakameza mate.

Maofisa wawili wa kampuni walikuja na tai zao, wakapigwa picha mbele ya lori. Mmoja, ambaye bila shaka ndiye aliyesoma zaidi, aliuliza, "Na huu moshi mweusi?"

"Huo ni moshi wa mimea, mheshimiwa," alisema Theonest. "Mimea ya barabarani inautambua, inauvuta wote."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hivyo ndivyo mazingira ya Geita yalivyookolewa, kabla ya chakula cha mchana.

Masalu alimvuta Theonest pembeni, akampa kipande cha dhahabu kilichofungwa kwenye leso. Kishika uchumba, alisema, cha kujenga kinu cha kukamulia mbegu Kishapu. Theonest alikipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, maana uso ulikuwa umeanza kucheka wenyewe.

Alikuwa gesti akikunja suti yake ili asionekane tena mkoa huo, mlango ulipogongwa. Aliingia mwanamke mwenye miwani, koti la kung'aa la barabarani, na kitambulisho shingoni.

"Naitwa Asteria. Mkaguzi wa mazingira. Dumu liko wapi?"

Lilikuwa chini ya kitanda. Alichovya kidole, akanusa.

"Chipsi," alisema.

Theonest alianza kulisukuma dumu kwa mguu lirudi chini ya kitanda.

"Unajua kinachoniudhi?" mwanamke aliendelea, akiketi bila kukaribishwa. "Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa ni mali. Yakisafishwa kiwandani kwa utaratibu wake, lori kubwa linayatumia na linachafua hewa kidogo kuliko la dizeli, maana hukufyeka pori wala hukumnyang'anya mtu chakula. Lakini ukate msitu upande mbegu, umwage mbolea, ukamue kwa jenereta, halafu uyalete Geita kwa lori la dizeli, umesafisha nini? Umehamisha uchafu tu. Wewe ulikuwa umeshika kitu cha kweli, ukakifanyia utapeli!"

Jambo hilo halikuwahi kumjia Theonest akilini, kwamba kitu kinaweza kuwa cha kweli na bado kikauzika. Lakini hakupata nafasi ya kulitafakari, kwa sababu mkaguzi alikuwa ametoa simu na kutaja polisi.

"Dada mkaguzi," alisema kwa sauti iliyopungua, "sisi sote ni binadamu."

Asteria alikubali kuwa binadamu. Aliondoka na leso na kilichokuwamo.

Nauli iliyobaki ilimfikisha Tinde, njia ya Shinyanga. Alishuka kwenye basi na njaa yake, akasimama nje ya kibanda cha wali akinusa. Msururu wa malori ukaegeshwa kando ya barabara, kila mlango umechorwa jani la kijani ambalo rangi yake haijakauka. Kutoka la kwanza akashuka Mzee Masalu. Kutoka upande wa pili akashuka mkaguzi, bila koti la kung'aa, akila korosho.

"Aa, bhabha!" Masalu alifurahi kweli kumwona. "Zabuni tumepata siku ile ile! Zile picha zimefanya kazi. Huyu umeshamjua, binti yangu wa kwanza. Kasomea mazingira chuo kikuu, kazi hakuna mpaka leo."

Theonest alimtazama binti, akamtazama baba, akatazama barabara ya kurudi Geita kilipo kituo cha polisi. Angekwenda kusema nini? Kwamba alimhonga mkaguzi wa uongo ili afiche mafuta ya uongo?

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Dereva wangu alifungua boneti kabla maofisa hawajafika. Nikamwambia aufunge ule mpira vizuri, usianguke mbele ya wageni. Dhahabu ilikuwa ya kukutuliza tu, binti akairudisha nyumbani." Masalu alimshika bega. "Wageni wengine wanakuja Shinyanga wiki hii. Wanataka maelezo. Binti yangu akielezea, anasema ukweli, watu wanasinzia. Nakuhitaji wewe."

"Mshahara?"

"Utakula."

Theonest alifikiri kwa muda ambao tumbo lake lilimruhusu kufikiri. Akavaa kofia yake nyeupe, akaenda kushika mpini wa mlango wa lori la kwanza.

"Huko hapana," alisema Masalu. "Panda nyuma. Mbele anakaa mkaguzi."