Ngamia Kumi na Jirani Asiyejulikana

Jumatatu, 3 Novemba

Limetoka! Tangazo la kazi. Ubao wa idara, saa mbili na robo asubuhi. Mhadhiri wa ikolojia na mazingira, nafasi moja, ya kudumu. Miaka sita nimefundisha chuo hiki cha Garissa kama mhadhiri wa muda. Sina ofisi, sina droo. Mitihani naisahihishia benchi la nje, korongo wakinichungulia karatasi. Nafasi hii ni yangu. Wamesahau tu kuliandika jina.

Mchana Kananu amepiga simu kutoka nyumbani Nkubu, Meru. Mke wangu hana maneno mengi. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho: nikipata, anahamia Garissa na joto lake lote, nikikosa, Desemba narudi nyumbani kusimamia kuku. Nimemkumbusha kwamba mimi ni mwanasayansi. Akasema kuku hawatajali.

Hatua ya kwanza: nimelibandua tangazo na kulitia ndani ya faili yangu. Asiyeliona hataomba kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Fosia ameliona. Kumbe liko kwenye tovuti ya chuo pia. Hakuna aliyeniambia!

Fosia alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimpa C katika somo la malisho kwa sababu ya ubishi. Akaenda zake, akapata uzamifu, akarudi, na sasa anakalia kiti kilicho chini ya feni. Kila mtu anajua hicho ni kiti changu. Mimi uzamifu nimebakiza sura mbili, na tangazo linasema "au awe karibu kumaliza". Karibu ni neno pana.

Akaniomba, kwa adabu inayoudhi, kwamba kama nimeshaisoma ile karatasi iliyo kwenye faili, niirudishe ubaoni. Nikaamua kumtisha. Nikamfungulia utafiti wangu. Kaya themanini na nne! Miaka mitatu ya jua na vumbi! Swali la kwanza la hojaji: Una ngamia wangapi? Majibu: kumi. Kumi. Kumi. Kaya zote, kumi! Hakuna mtu duniani aliyegundua jambo hili kabla yangu. Wafugaji wa hapa wanalinganisha mifugo na malisho kwa usahihi wa kutisha. Nimeuita Usawa wa Kumi.

Fosia akafunga kalamu yake. Kisha akasema taratibu kwamba kwao mtu haulizwi idadi ya ngamia wake, ni kama kuwaitia jicho baya, kwa hivyo mtu hutaja chochote ili mgeni amalize chai yake aende. Wivu mtupu. Nilijua tu atakuja na kitu cha namna hiyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Tangazo linataka mtu "anayeshirikiana na jamii". Vizuri. Jamii nitaileta yenyewe, iketi mbele ya jopo.

Nimekwenda kwa Mzee Nunow, nje ya mji, upande wa barabara ya Dadaab. Yeye ni kaya namba moja katika utafiti wangu. Nimempelekea sukari na majani ya chai. Amefurahi, ameniita brofesa mara tano. Nimemwomba aje chuoni siku ya mahojiano awaambie wakubwa kwamba mimi ni mtu wa watu. Amekubali. Nikamuuliza tena, kwa ajili ya uhakika, ana ngamia wangapi.

"Kumi tu, brofesa. Alhamdulillah."

Nyuma yake ngamia walikuwa wanarudi kutoka majini. Nilihesabu hadi thelathini na moja, kidole kikiwa hewani, mzee akanishika bega, akanigeuza, akanikalisha nikitazamana na ua wa miiba. Chai yote nimeinywa nikitazama miiba. Nikamuuliza wale ni wa nani.

"Hiyo ingine ni ya jirani."

Nikapita kwa jirani, Jelle. Jelle naye ana kumi. Wengine waliojaa pale kwake? Wa jirani. Nimetembea nyumba nne! Kila mtu ana kumi na jirani! Huyu jirani ni nani? Hayumo katika kaya zangu hata moja, na inaonekana ndiye mwenye ngamia wote wa kaunti hii. Nimemwekea tanbihi ukurasa wa arobaini.

Jumatano, 19 Novemba

Walioitwa kwenye mahojiano ni wawili. Mimi na Fosia. Amenipongeza. Amejitolea pia kunisaidia kupitia data yangu kabla ya siku yenyewe. Nimemwambia asante, data yangu haijambo. Mtu akitaka kukuibia hushika mlango kwa upole namna hiyo hiyo.

Nimemtumia Kananu ujumbe aanze kufunga mizigo. Amejibu kwamba ameanza kujenga banda.

Jumatano, 26 Novemba

Siku yenyewe. Naandika nikiwa na suti bado, na mgongo umelowa.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mkuu wetu wa idara, Dkt. Elkanah, mtu wa kuangalia saa. Kando yake mgeni kutoka nje ya chuo, Dkt. Sharifo, bingwa wa malisho, mzaliwa wa Hadado, binti wa wafugaji. Mzee Nunow safu ya mbele, kofia mpya. Nilimpungia mkono ili jopo lione.

Nilizungumza dakika ishirini bila kumeza mate. Usawa wa Kumi! Grafu yangu ilikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Dkt. Sharifo akavua miwani. Akauliza kama kaya zote themanini na nne zilisema kumi. Nikasema zote. Akauliza kama jambo hilo halikunipa wasiwasi. Nikasema lilinipa fahari. Akauliza huyu jirani wa ukurasa wa arobaini ni nani. Nikasema utafiti unaendelea.

Hapo nikaamua kummaliza. Nikamuuliza yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, nyumbani kwao Hadado wana ngamia wangapi.

Akanitazama. Akavaa miwani tena.

"Kumi," akasema.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko! Watu walipiga meza. Dkt. Elkanah alisahau saa. Mimi nilichukua kalamu na kuandika: kaya themanini na tano.

Mzee Nunow akasimama kuniokoa, ingawa sikuwa nimezama. Akasema mimi ni mtu mzuri, sijawahi kukataa chai, na nina heshima ya kutembelea watu hata wakati wa ukame. "Lakini wallahi, brofesa, hiyo swali yako si mzuri. Mtu akihesabiwa mali yake anaogopa. Tulikuwa tunakupa kumi ndio usiende mkono tupu." Akaketi. Nilishukuru jamii kwa ushirikiano wake.

Kisha Fosia. Hakuhesabu ngamia hata mmoja! Alihesabu siku. Siku za kutembea hadi kwenye maji, siku za kupumzisha malisho, nani anakama na saa ngapi, na mti gani huliwa kwanza. Alimwita Mzee Nunow adeer, yaani ami kwa Kisomali, na mzee alimjibu kila kitu mpaka mwenyekiti akamzuia. Ikolojia ya ufugaji bila idadi ya mifugo! Nilitikisa kichwa kwa sauti.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamempa Fosia.

Naandika tena ili niizoee. Wamempa Fosia. Nimekaa kwenye benchi langu la nje, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikuwa na karatasi ya kusahihisha. Iliniuma. Acha niseme ukweli, iliniuma sana.

Alikuja na chupa ya maziwa ya ngamia, akaketi pale pale bencheni, kwenye jua. Akasema ramani yangu ya njia za maji ni nzuri kuliko ya mtu yeyote, kwamba hakuna mwingine aliyewahi kufika nyumba zote zile kwa miguu. Anataka tuandike pamoja, jina langu likiwa la kwanza. Sharti moja: zile kumi zitolewe.

Zitolewe! Themanini na tano! Nimekataa, nimesimama, nimeondoka. Nimerudi kuchukua maziwa. Nimeondoka tena.

Jumamosi, 6 Desemba

Nkubu. Nimekuja kwa Desemba tu. Kananu anajua hivyo, ingawa amenipa gambuti za kuingilia bandani.

Habari kubwa: kuna tangazo jipya! Chuo fulani kinafungua tawi Takaba, kinatafuta mhadhiri wa ikolojia. Nimeshaandika barua. Hojaji nimeirekebisha kabisa, maana mimi si mtu wa kung'ang'ania makosa. Wakiogopa kutaja ngamia, basi. Swali la kwanza sasa linasema: Una mbuzi wangapi?

Kabla ya kupanda basi nililijaribu kwa Rage wa hotelini, Garissa. Akafikiri kidogo. Kumi. Unaona?

Leo asubuhi nimefungua banda. Kananu aliniambia kwa simu kwamba kazi ni ndogo, kuku ni kumi tu. Nimehesabu mpaka mia mbili na arobaini, halafu wakachanganyika. Nimetoka na koleo mkononi, nikamuuliza hawa wote ni wa nani.

Akasema kumi ni wetu, hao wengine ni wa jirani. Akaingia jikoni haraka, mabega yakimtikisika.

Nimeacha koleo, nimekimbilia kalamu. Jirani amefika mpaka Meru!